Jumapili ya Kuhesabiwa Vichwa

Mama Sindano alikuwa akifagia kanisa kwa mara ya tatu asubuhi ile, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameingia kulichafua. Jina hilo alipewa na wanakijiji kwa sababu ya sanduku lake la dawa. Mumewe mchungaji, ambaye ndiye hasa aliyetumwa kwao na misheni, walimwita tu mume wa Mama Sindano.

Hakukalika. Akiketi, anainuka, akiinuka, hajui aendako. Mwangalizi wa misheni, ambaye hajawahi kukanyaga huko, angefika saa nne kuhesabu vichwa ibadani, na sheria ilijulikana: wasipofika ishirini, kituo kinafungwa na familia inarudishwa mjini. Kwa miaka sita, Jumapili njema kwao ilikuwa ya watu saba, na mmoja wao kiziwi.

Basi mke wa mchungaji alikuwa akiombea nini? Tuseme ukweli: aliomba kanisa liwe tupu. Binti yao wa miaka tisa alikuwa mjini kwa bibi yake, maana kijijini hapakuwa na shule. Likizo iliyopita alimwamkia mama yake kwa adabu, kama mtoto anayeamkia wageni, kisha akageuka na kumwita bibi yake "mama". Tangu siku hiyo usingizi wa Mama Sindano ulikuwa wa mang'amung'amu. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa sandukuni chini ya kitanda, mumewe hana habari.

Mumewe alikuwa akipanga mabenchi. Alipanga manne tu, mengine akayasukuma ukutani.

"Baba, manne tu?"

"Yanatosha. Tumdanganye nani?"

Alisema bila kumtazama. Kidevu chake kilikuwa na mikato miwili ya wembe. Msimu huu hata bustani hakuilima, yeye aliyekuwa akiamka na kuku kwenda kupalilia. Mama Sindano aliona mtu aliyevunjika moyo, akamwonea huruma mpaka huruma yenyewe ikamkera. Jamani! Miaka yote hiyo, huruma ije leo?

"Na wakikifunga?" aliuliza.

Mumewe alinyoosha benchi la mwisho. "Wakikifunga, basi."

Akatoka nje. Mama Sindano alipochungulia dirishani, alimwona nyuma ya ukuta amepiga magoti kwenye kokoto, macho ameyafumba, midomo inamcheza.

Hapo ndipo aliposhindwa. Mwanamume huyu alikuwa amekula jua na mvua miaka sita kwa ajili ya watu saba. Kufungishwa virago hivi hivi, mbele ya mkubwa wake, kungemmaliza. Binti atangoja kidogo. Aliwaza hivyo, akajichukia kwa kuwaza hivyo, na tayari miguu ilikuwa njiani.

Alikwenda kwa jirani yake, Mama Pacha, mwanamke ambaye akiita watoto wake waje kula, watoto wa ng'ambo ya mto huitika.

"Mwenzangu, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba."

"Sema."

"Nijazie kanisa."

Mama Pacha alimtazama juu mpaka chini. "Leo watu wanakwenda shamba. Halafu mumeo naye, akianza kuhubiri, mtu anasahau hata alikotoka."

"Saa moja tu. Nakuomba kwa hao pacha wako niliowapokea kwa mikono hii."

"Ala! Umefika huko?" Mama Pacha alikaza nguo kiunoni. "Haya, rudi kwako. Utaniona."

Saa nne kanisa lilifurika pomoni. Walikuja na majembe yao, wakayaegemeza mlangoni. Walikuja aliowafunga vidonda, aliowang'oa meno na aliowazalisha, wakashusha mabenchi ya ukutani mbio mbio. Hata mganga wa kijiji, ambaye alikuwa hapiti hata kwenye kivuli cha jengo lile, alikaa mbele kabisa na kuitikia amina kabla ya wakati wake. Mwangalizi, mzee mnene mwenye daftari, alihesabu mpaka mia na kumi, akachoka, akalifunga daftari.

Mchungaji alisimama kuhubiri. Machozi yalimbubujika mpaka kwenye kola. Mama Pacha akapiga kigelegele, kanisa zima likampokea. Kwenye benchi la nyuma Mama Sindano naye alilia, jicho moja kwa furaha ya mumewe, jicho la pili kwa binti yake. Miaka mingapi tena? Hata kuhesabu hakuthubutu.

Baada ya ibada mwangalizi alimvuta Mama Sindano kando, akijipangusa jasho, uso umemchanua.

"Hongera, mama. Kituo hakifungwi ng'o! Nawaongezea miaka mitano, na ninaandika leo hii hii."

"Asante, mzee." Alijikaza, sauti isimsaliti. "Mume wangu atafurahi sana."

"Mumeo?" Mwangalizi aliangua kicheko. "Huyo mwache apumzike, kichwa kimechoka! Barua nne ameniandikia, ananiapia kwamba hapa hakuna mtu, ananisihi nije mwenyewe nikifunge, ili mkewe arudi kwa mtoto wake."