Moyo wa Kufundishia

Gunia lilisimama mbele ya Ndwiga, likainamisha kichwa.

Basi, yakawa yamekwisha. Homgadi wawili, askari wa kijiji waliotumikia serikali ya kikoloni, walimdaka mikono, na koti lake jeupe la mwanafunzi wa hospitali likachanika kwapani. Alimtazama tu Kathambi, mwanafunzi mwenzake, kama mtu aliyesahau kumwambia jambo.

Watu walimwita gakunia, yule mtu aliyevishwa gunia la kahawa mpaka magotini, likatobolewa matundu mawili ya macho. Mwaka ule wa hamsini na nne, hali ya hatari ikiwa imepamba moto, alitembezwa kijiji hadi kijiji, na kila aliyeinamishiwa kichwa alihesabiwa kuwa amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, akapelekwa kambini. Nani alikuwa ndani? Asiyejua hakuuliza, na aliyejua alifunga mdomo wake. Leo walikuwa wamemleta mpaka uwanja wa hospitali ya misheni, juu ya Runyenjes.

Gunia likasogea mbele ya Kathambi. Kiapo alikuwa amekula kweli, sawa na nusu ya watu waliopangwa mstarini pale. Gunia lilisimama kitambo, likihema. Kisha likampita.

Furaha iliyomjaa ilimtia aibu. Mwezi uliopita lilimwinamia Kinoti, leo Ndwiga, na yeye limemruka. Walikuwa wanafunzi watatu waliochaguliwa na daktari kumsaidia kuchunguza ugonjwa wa moyo, ule unaoanza mtoto akiumwa koo na kumzika akiwa kijana. Mmoja wao angepelekwa Kampala kuusomea zaidi. Mmoja tu. Na mwenye sikio hasa la kusikiliza moyo alikuwa Ndwiga. Hilo Kathambi alilijua, hata kama lilimuuma.

"Mzee Misheck akirudi atamtetea," alijiambia.

Mzee Misheck Njura, dresa mkuu, yaani mkuu wa wahudumu wa wagonjwa, ndiye aliyewalea wote watatu. Aliwagawia viazi vyake, akawasemea kwa daktari, na Kinoti aliposhikwa alimfuata kambini na blanketi, akafukuzwa getini kama mbwa. Zaidi ya yote aliwapa kifua chake. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, na hakuna mwanafunzi aliyepita hospitali ile bila kujifunzia juu yake. Alikaa kwenye benchi, akafungua shati, na ukiweka kipimo cha kusikilizia moyo pasipofaa alikushika mkono, akausogeza kuelekea kwapani.

"Si huko. Hapo, mwari wakwa. Umeskia?"

Kathambi alisikia: pigo, halafu mvumo kama mtu anayepoza uji, halafu pigo. Sauti ile ilimfuata hata jikoni. Mwari wakwa, yaani binti yangu, ndivyo mzee alivyomwita. Wavulana aliwaita kwa majina yao.

"Nilikuwa na binti," alimwambia siku moja, wakikunja bendeji. "Huu ugonjwa ulimchukua akiwa rika yako. Wewe utafika Kampala. Hiyo niachie mimi."

Ila leo, siku aliyohitajiwa, hakuwapo. Jana aliaga kwamba anakwenda Embu mjini kufuata dawa. Daktari naye alikuwa safarini.

Kishindo kikamgutusha. Gunia lilikuwa limeanguka.

"Nani anajua kazi hapa?" ofisa Mzungu aliuliza kwa Kiswahili chake cha amri.

"Huyu msichana, bwana," homgadi mmoja akasema.

"Tibu yeye. Lakini gunia hapana toa. Mtu akitoa gunia, mimi piga risasi."

Walimbeba mpaka chumba cha dawa, wakamlaza kitandani, wakasimama mlangoni na bunduki. Dirishani Kathambi alimwona Ndwiga juu ya lori, amefungwa mikono nyuma, damu ikimtoka puani. Akamgeukia yule aliyelala. Alimchukia. Angekawia kidogo tu, ajifanye anatafuta chupa, na mambo yangejimaliza yenyewe. Nani angelia?

Lakini ndani ya gunia mtu alikuwa akikokota pumzi, na mkokoto ule alikuwa amefundishwa kutouvumilia.

"Bwana," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Nikimponya huyu, utamwachilia Ndwiga?"

Ofisa alimtazama, akatazama gunia. Bila shaka mtu yule alikuwa na thamani kwake.

"Ponya kwanza. Halafu mimi fikiri."

Haikuwa ahadi, lakini Kathambi aliishikilia. Alimwinua mgonjwa akae, akamwekea mto mgongoni, kama alivyofundishwa. Huyu mtu atapona, aliapa moyoni. Atapona, Ndwiga atashuka kwenye lori, na jioni mzee Misheck akirudi tutamsimulia, naye atacheka mpaka akohoe.

Akavaa mpira wa kusikilizia masikioni, akapitisha mkono chini ya gunia na kubandika kipimo kifuani kwa pupa. Hakusikia kitu ila mkwaruzo wa gunia na pumzi.

Ndani ya gunia, mkono baridi wenye jasho ukashika mkono wake. Ukausogeza taratibu, kuelekea kwapani.

Pigo. Mvumo wa mtu anayepoza uji. Pigo.

"Hapo, mwari wakwa," gunia likanong'ona. "Sasa umebaki wewe."