Sungura Aliyelaza Sikio

Mvua ya mchana ilikuwa imepamba moto wakati mwanamke mmoja, ambaye Darla hakuwa amemwona maishani mwake, alipomgongea mlango wa chumba cha hoteli. Alikuwa amelowa chapachapa. Nyuma yake alisimama msichana mdogo, ameegemea magongo mawili.

"Samahani, dada. Mapokezi pamefungwa. Wametundika kibao kwamba wanarudi sasa hivi, na hiyo sasa hivi haifiki. Mwanangu huyu hawezi kusimama sana."

"Ingieni! Mvua za Florida hazina adabu."

Aliitwa Maureen, kutoka Ohio. Binti yake, Ruthie, alikuwa ametolewa plasta ngumu mguuni wiki ile ile, na safari hii ya bustani ya burudani ilikuwa zawadi yake kwa miezi ya kulala hospitali. Josie, binti wa Darla, alimpisha kitandani huku akiyatazama yale magongo kwa wivu.

"Yanakimbia?"

"Mteremkoni, ndiyo. Kama basi."

Urafiki ukawa umekwisha kuungwa.

Maureen akajipangusa uso, akatazama huku na huku: sufuria ya maharage juu ya jiko dogo la umeme, nguo zilizoanikwa kwenye kamba bafuni, michoro ya Josie ukutani.

"Loh! Ninyi mnajua kusafiri. Sisi tumesahau hata miswaki."

Darla akacheka, akausukuma mlango wa kabati kwa mguu hadi ukafungika.

Kwa kuwa mvua haikukoma, alichukua taulo safi, akaiviringisha pande mbili, akakunja, akavuta. Sungura wa taulo akasimama kitandani, sikio moja juu, jingine limelala. Ruthie alicheka hadi gongo likaanguka.

"Hilo sikio lina usingizi!"

"Huyo ni wetu," Josie alisema kwa maringo. "Wengine wote hufanya tembo. Mama peke yake ndiye—"

Darla akamtupia jicho.

Jioni mvua ilipokatika, na Maureen akiwa amepata chumba cha usiku mmoja, wasichana walikaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea, wakichezesha miguu majini. Josie alikuwa hodari wa kupata marafiki bwawani, na dhaifu wa kuwaaga. Maureen akavuta kiti karibu na cha Darla.

"Nisaidie. Nimesoma kwenye simu hii hadi nimechanganyikiwa, kila mtu anasema lake. Wengine wanasema kaa hoteli za nje kama hii, chumba kikubwa, bei ya binadamu. Wengine wanasema lala ndani ya bustani, unaingia kwenye michezo kabla ya watu. Ndani wamenishikia chumba mpaka kesho asubuhi. Ninyi ni wenyeji wa mambo haya. Niahidi utaniambia kweli, kama kwa mdogo wako wa tumbo moja."

"Naahidi," Darla alisema, kabla hajamwona Josie.

Josie alikuwa amegeuka, amekutanisha viganja kama mtu anayesali, midomo ikisema bila sauti: *Wabaki, Mama.*

Wiki nzima ya kicheko kile ilikuwa mkononi mwake, na ilitaka neno moja tu.

"Ningependa mbaki," alisema. "Yule wangu ameshapanga hadi mtakavyokaa mezani. Lakini umeniuliza kidugu. Basi la hapa la kwenda bustanini huondoka asubuhi, hurudi jioni. Mtoto akichoka katikati, atalala wapi? Juani? Kule ndani unamrudisha kitandani, anapumzika, mnatoka tena. Nenda ndani. Omba chumba cha chini, upande wa ziwa. Lifti za upande wa pili zina kiburi."

"Mama wee! Unapajua kama kiganja chako!"

"Nimezungukazunguka."

"Sasa kwa nini wenyewe mkachagua nje?"

Darla akalitazama bwawa. "Josie anapenda maji ya hapa."

Josie hakula maharage usiku ule.

Asubuhi Maureen alipokuwa akipakia masanduku kwenye teksi, Ruthie alikataa kuingia. Alimtaka sungura wake, na taulo za hoteli haziondoki na mgeni.

"Usilie," Josie alimwambia, macho yake mwenyewe yakiwa yamevimba. "Mama atakuletea mwingine, huko huko ndani. Eti, Mama? Ahidi."

Maureen akatabasamu. "Jamani, msimtie mtoto tamaa. Kule mlangoni hawamruhusu asiye na chumba."

Darla aliangalia uso ule mwema, uliokuwa ukimchukulia kuwa mwenzake. Akamwangalia Ruthie.

"Naahidi," alisema, kwa sauti ndogo.

Wakakumbatiana. "Na ninyi muifaidi likizo yenu!" Maureen alipaza sauti kupitia dirishani, na gari likapinda kona.

Halikuwa limefika mbali basi la manjano la shule liliposimama langoni mwa hoteli. Josie akapanda pamoja na watoto wa vyumba vingine walioishi pale kama yeye, mkoba mgongoni, bila kugeuka.

Na kesho yake adhuhuri, katika hoteli ya ndani ya bustani, chumba cha chini upande wa ziwa, Darla aliegesha toroli lake la usafi, akakaza aproni, akatandika kitanda kidogo, kisha akachukua taulo. Angeweza kukunja tembo, kama wenzake wote, na Maureen asingejua kamwe ni nani anayemsafishia chumba; akakunja sungura, akamlaza sikio moja, huku magongo yakisikika yanakuja kwa kasi koridoni.