Miguu ya Bi Somoe

Kwetu deltani kila nyumba hutoa mtu wa kusimama mtoni. Hudungwa sindano ili mwili usioze majini, kisha hupelekwa pale mto unapokutana na bahari. Maji yakigonga miguu yake hupunguza mwendo, yakipunguza mwendo huacha tope, na ardhi inayoota nyuma yake ni mali ya nyumba yake.

Sisi tulimtoa mama mkwe wangu, Bi Somoe. Alikubali msimu mmoja tu.

Leo nimempelekea uji. Tope limempita magoti. Nyuma yake mpunga wetu umeanza kutoa masuke.

"Mwanangu, msimu umekwisha," akaniambia. "Mwambie Shamte aje na jembe anichimbue."

Nikamfuata mume wangu shambani, nikampa ujumbe. Hata hakuinua kichwa.

"Tukimng'oa, maji yatapita pale pale. Shamba lote litakwenda baharini."

"Shamte, yule ni mama yako!"

"Kwani nimesema si mama yangu? Au unataka kusimama wewe?"

Nikashika tumbo langu la miezi saba. Nilipogeuka kuondoka akanipigia kelele: "Na umwambie aache kujitikisa! Upande wa kushoto tope linabomoka."

Nikarudi mtoni kuchukua bakuli.

"Amesemaje?" akauliza Bi Somoe.

"Anakuja kesho, mama. Wewe tulia tu, usije ukaumia."

Akanishukuru. Akatulia tuli.