Sare ya Mapokezi

Tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza unene, kilo arobaini zilikuwa zimemtoka mpokea simu, na leo ghafla meneja akaijua njia ya chumba cha nyuma alikofanyia kazi. Alikuja na sare mpya.

"Dada, umependeza! Kuanzia kesho unakaa mapokezi." Akamwekea sketi kiunoni kumpima, juu kabisa ya makovu.

Mara tatu aliiomba nafasi hiyo. Mara tatu meneja huyuhuyu alimjibu, "Sauti yako inafaa simu."

"Barua zangu za maombi ulizisoma?"

"Ah, hayo yamepita."

Mpokea simu alizijua lugha nne tangu siku ya kwanza kazini. Kilichopunguzwa hospitali ni tumbo, si kumbukumbu.

Simu ikalia. Akachukua mkoba wake.

"Pokea wewe, bosi. Sauti yako inafaa simu."