Kwale Jike

"Jike! Msipige!" Verna alipaza sauti, lakini bunduki ya baba mkwe wake ililia, na kwale yule wa rangi ya majani makavu akaanguka kati ya mabua ya mahindi.

Mstari mzima wa wawindaji ulisimama. Sheria iliruhusu madume tu, wale wenye shingo za kijani, na mwisho wa shamba, barabarani, afisa wa wanyamapori alikuwa akiwasubiri ndani ya gari lake.

"Mkanyage azame hapo kwenye matope," mzee alisema. "Nani ataona?"

"Nimeona mimi, baba."

"Wewe umeingia mstarini leo tu, binti. Mwakani utabaki jikoni ukitukaangia viazi."

Wanaume walicheka huku wakitazama buti zao. Verna aliinama akamwokota ndege. Bado alikuwa na joto, na unyoya mmoja laini wa kifuani ulimganda kidoleni kwa damu.

"Viazi mtajikaangia wenyewe," alisema. "Mimi mwakani nitakuwa humuhumu shambani."

Akamwinua kwale juu ya kichwa chake, afisa amwone vizuri, akaanza kutembea kuelekea barabarani.