Vazi la Kwendea Makumbusho

Bi Gek Hiang alivichomoa vishikizo vitatu vya dhahabu kwenye blauzi yake ya kebaya, akaweka vya fedha. Aliitandaza blauzi juu ya kitanda cha mkaza mwana wake, saruni ya bluu kando yake, na chini ya kitanda akapanga sapatu za shanga za bluu na nyeupe. Alirudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake. Vazi lilipendeza mno, na uzuri huo ndio aliokuwa akiutaka.

Mkaza mwana mwenyewe, Wai Fong, alikuwa mtu wa Ipoh, kwenye machimbo ya bati, ambako hakuna ajuaye kebaya inafungwaje. Mwaka mzima ndani ya nyumba hii ya Melaka, na bado alitwanga pilipili kama apigiliaye misumari. Kim Seng, injinia wa meli, alimwoa bila kumuuliza mama yake, akamwacha hapo, akarudi baharini. Siku hizi bahasha zake za pesa zilikuja mbili, na ya mke ndiyo nene. Bi Gek Hiang alizipima mkononi kila zilipoletwa, roho ikimuuma. Kim Seng ndiye mtoto pekee aliyejaliwa.

Meli ingerudi mwaka mpya. Kabla ya hapo alitaka msichana awe amekwisha kufungasha virago vyake kwa hiari yake mwenyewe.

Ndipo akabuni ziara ya makumbusho ya Waperanakan, watu wa kabila lake, Wachina wa tangu zamani wa Melaka, yeye na ndugu zake wa kike wote. Hakuna aliyezaliwa kwao asiyejua vazi lile huvaliwa lini. Wa Ipoh hajui. Na huko makumbusho, chumba cha pili, kulikuwa na sanamu ya mwanamke iliyovalishwa vilevile, na kibao chini yake kinachoeleza yote. Msichana angesimama hapo ajisome mwenyewe, mbele ya wanawake kumi na wawili.

Binamu yake Siew Neo aliposimuliwa, wakicheza karata, alicheka mpaka chai ikammwagikia. Kisha akaziweka karata chini.

"Lakini Gek Hiang, huogopi?"

"Niogope nini? Nguo tu ile."

Maandalizi yote alimtwika Wai Fong mwenyewe: kuwapigia ndugu simu mmoja mmoja, kuagiza vikeki vya nazi, na Jumanne kwenda makumbusho kuchukua tiketi, kwa kuwa magoti ya mama mkwe yalikuwa yakimsumbua. Msichana alikawia huko nusu siku nzima, akarudi kimya. Bi Gek Hiang akamsimanga kwamba hata kununua tiketi kumemshinda, halafu akalainisha sauti.

"Jumamosi nitakuazima kebaya yangu, mwanangu. Usije ukaniaibisha mbele za watu."

Wai Fong alimwekea tiketi mezani. "Ahsante, Mama."

Jumamosi ndiyo hii. Alipomaliza kutandaza, Bi Gek Hiang alishuka akaketi ukumbini, mwenyewe kavaa nyekundu tupu, dhahabu imemjaa kifuani. Mlango wa juu ulifunguka. Wai Fong akatokea kwenye ngazi, na hakuwa na ile kebaya. Alikuwa amevaa gauni lake jekundu la harusi, midomo ameipaka rangi, na alikuwa akitabasamu. Mama mkwe aliinuka kitini. Kabla hajasema neno, simu ya ukumbini ililia na msichana akaiwahi.

Alisikiliza kwa muda mrefu. "Ndiyo," alisema mara nne au tano, basi.

"Kama ni Kim Seng, nipe niseme naye," Bi Gek Hiang alidai. "Mimi ndiye niliyemzaa."

"Si yeye, Mama. Ni watu wa kampuni yake." Wai Fong aliurudisha mkono wa simu mahali pake taratibu. "Nitakwambia tukifika."

Labda meli imebadilishiwa njia, Bi Gek Hiang aliwaza, akachukia kwamba siku hizi kampuni inamtaka mke, mama hana kazi. Msichana alipanda tena juu. Aliposhuka, nusu saa baadaye, alikuwa ndani ya saruni ya bluu, fedha kifuani, sapatu za shanga miguuni, na midomo ameifuta. Bi Gek Hiang nusura apige vigelegele.

"Sasa umekuwa mtu," alimwambia.

Huko makumbusho wanawake walikuwa wamekwisha kufika. Siew Neo alikuwa amewapenyezea wote siri ile, na kila mmoja alimsifu Wai Fong kwa kebaya yake huku akikwepa macho ya mwenzake. Waliingia chumba cha pili wamejikusanya. Bi Gek Hiang alimshika msichana kiwiko, akamsogeza hadi mbele ya sanamu.

"Tusomee, mwanangu. Macho yangu yamechoka."

Wai Fong hakukitazama hata kibao. "Vazi la mke aliyefiwa na mumewe," alisema, sauti ikafika mpaka mlangoni. "Nilikisoma Jumanne, nilipofuata tiketi. Ndiyo maana asubuhi nilivaa nyekundu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha kumponyoka Siew Neo. Alikiziba kwa leso.

"Halafu simu ikalia," Wai Fong aliendelea. "Boila la meli lilipasuka jana. Kim Seng amekufa."

Mikono ya Bi Gek Hiang ilipanda kifuani, vidole vikahangaika kuing'oa ile dhahabu. Wai Fong aliishika mikono hiyo, akaishusha polepole.

"Acha, Mama. Mstari wa mwisho wa kibao unasema mzazi hamvalii mwanawe msiba. Baki na nyekundu yako."