Siku Kumi Ndani

Mama mkwe wangu, Bi Skolastika, alirudi kutoka kupalilia mpunga viungo vyote vikimuuma. Jirani alipomsalimu mlangoni, akajibu kama sisi wa Ifakara tulivyozoea kujibu tangu zamani: "Kamalaria tu, mwanangu."

Ukuta wa sebuleni, uliotegwa kunasa neno malaria, ukasikia. Hata viatu hajavua, mlango ukajifunga, na nchi sitini na mbili zikapata habari.

Tumekaa ndani siku kumi. Mkataba wa kutokomeza malaria unataka daktari wa kila nchi aulize mwenyewe kupitia ukutani, ili wote wajifunze. Mbrazili aliuliza homa ilianza lini. Mvietinamu akauliza hilo hilo. Yule wa Ghana angalau alianza na shikamoo. Vipimo vilionyesha mama hana kitu tangu siku ya kwanza, lakini zamu za maswali lazima ziishe. Huko shambani magugu yakaumeza mpunga.

"Miaka kumi na tisa hajaugua mtu malaria," mama alinung'unika, "na bado hatupumziki."

Leo asubuhi mlango umefunguka. Nikakimbilia shambani. Saa nane mchana, jua kali, nimerudi natetemeka, meno yanagongana. Mama akanigusa shingoni, akauondoa mkono upesi.

"Edeltruda, una nini?"

Nikautazama ukuta. Naye akautazama.

"Nimechoka tu, mama."

Akanifunika khanga mbili, kisha blanketi.

"Basi pumzika," akasema kwa sauti kubwa, ukuta usikie.